Jinsi ya kupiga picha ukaribu na umbali ndani ya familia yako

Nafundisha vijana upigaji picha hapa Mwanza, na maswali ya wanaoanza ni yale yale. Nina simu tu, itafaa? Baba hapendi kupigwa picha, nifanyeje? Mbona kila nikitoa simu watu wanasimama wima kama wanapigwa ya kitambulisho? Halafu kuna lile linalokuja mwishoni, mtu akiwa ameshabeba begi lake aondoke: "Mimi na mama hatuongei sana. Hiyo nayo inaweza kupigwa picha?"

Inaweza, na huyo wa mwisho ndiye hasa ninayemwandikia. Hapa hutajifunza picha za harusi wala za kipaimara. Utajifunza kupiga watu wa kwenu walivyo siku za kawaida, kwa namna itakayokuonyesha nani yuko karibu na nani, nani amekaa pembeni, na wewe mwenyewe uko wapi kati yao.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Mahali unaposimama wewe mwenye kamera ni sehemu ya picha. Kama baba yako unampiga ukiwa mlangoni kwa sababu chumbani kwake huwa huingii, picha imeshasema. Usijisogeze kwa nguvu ili ipendeze.

Utakavyohitaji

- Simu yenye kamera, hata ya bei ndogo. Kamera kubwa ukiwa nayo ni sawa, ila kwa kazi hii simu ina faida: nyumbani wameshaizoea mkononi mwako.
- Kitambaa safi cha pamba cha kufutia lenzi. Ukungu mwingi ninaoona kwenye picha za wanaoanza ni mafuta ya vidole tu.
- Daftari dogo na kalamu.
- Nafasi ya kutosha kwenye simu au memori kadi.
- Hela kidogo ya kusafisha picha studio mwishoni.
- Wiki nne mpaka sita. Ukitaka kumaliza wikiendi moja utapata mapozi tu.

Flashi, taa ya duara na programu za kulainisha ngozi, weka kando. Zima na mlio wa kamera.

Hatua ya 1: Chora umbali kwenye daftari

Weka nukta katikati ya ukurasa, hiyo ni wewe. Kisha andika jina la kila mtu wa familia mahali unapohisi yupo, karibu au mbali na nukta. Usifuate mpangilio wa ukoo. Mama mdogo anayekupigia simu kila Jumapili anaweza kuwa karibu zaidi ya kaka mnayelala naye chumba kimoja.

Kilomita nazo zisikudanganye. Tangu Daraja la Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Mwanza mwenye ndugu Sengerema au Geita anavuka kilomita zile 3 kwa dakika chache, mahali ambapo zamani alipanga foleni ya kivuko. Bado wapo wasioonana mwaka mzima.

Sasa chagua watu watatu: mmoja wa karibu, mmoja wa mbali, na mmoja ambaye kalamu ilisita ulipotaka kumwandika. Usimwonyeshe mtu ukurasa huo.

Hatua ya 2: Toa albamu za zamani

Kabla hujapiga hata moja, tazama zilizopo. Za kwenye albamu, na zile za fremu zilizotundikwa juu karibu na dari sebuleni. Angalia mikono kuliko sura. Nani ameweka mkono begani kwa nani? Nani kasimama nyuma ya kiti? Nani haonekani kwenye picha hata moja? Uliza kwa nini. Mara nyingine ndiye aliyekuwa anapiga.

Katika picha za studio za zamani watu wamenyooka na hawacheki. Kijana wa leo akiziona anasema walikuwa wakali. Hapana. Kupiga picha ilikuwa shughuli, watu walivaa vizuri na kujipanga kwa heshima. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alipanga mikono na vichwa vya watu kwa uangalifu mkubwa, na katika picha zake undugu na urafiki unausoma kwenye mabega yanayogusana. Kwa hiyo bibi yako akisimama wima mbele ya simu yako, anakupa heshima yake. Piga hiyo kwanza, vizuri, anavyoitaka. Ukishamsafishia na kumkabidhi, atakuacha upige nyingine akiwa anachambua mchele.

Ukitaka kunakili picha ya zamani kwa simu, ilaze karibu na dirisha, shika simu sambamba nayo, usiwashe flashi. Kama iko kwenye kioo cha fremu, igeuze kidogo mpaka mng'ao wa dirisha uondoke.

Hatua ya 3: Omba ruhusa

Mzee haombwi ruhusa kwa meseji. Nenda, msalimie, kaa, subiri habari za nyumbani ziishe, ndipo useme: "Baba, nina jambo dogo. Nataka kupiga picha za hapa nyumbani tunavyoishi siku zote, siyo za sherehe. Nitakuletea uzione zote, na usiyoipenda nitaifuta mbele yako."

Atauliza, "Za nini?" Uwe na jibu la kweli. "Nataka kukumbuka tulivyokuwa tukiishi" linatosha kama ndivyo ilivyo. Usiseme ni kazi ya chuo kama huko chuo.

Kukubali kupigwa picha ni kitu kimoja, na kukubali iwekwe stetasi au mtandaoni ni kingine. Uliza mara mbili, kwa nyakati tofauti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Lakini hata bila sheria, huyu ni mama yako. Kwa watoto wa dada au kaka, muulize mzazi wao, na picha ya mtoto anayeoga iache kabisa, hata kama wote wanacheka.

Hatua ya 4: Jua mwanga wa nyumba yenu

Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua la Mwanza linachomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, na kuzama karibu na muda kama huo jioni. Mwanga mzuri wa nje ni ule wa muda wa dakika tisini hivi baada ya jua kuchomoza, na dakika tisini hivi kabla ya kuzama. Kuanzia saa 5 mpaka saa 9 alasiri jua liko juu ya kichwa na macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Muda huo ingia ndani, au kaa kwenye kivuli cha jiwe. Mji huu haukosi mawe, na kivuli cha jiwe kubwa kina mwanga mtulivu unaozidi wa studio nyingi.

Ndani ya nyumba taa yako ni mlango. Mtu akae hatua moja au mbili ndani ya mlango, uso ukielekea nje, na wewe usimame ubavuni. Kosa la kila anayeanza ni kumpiga mtu akiwa amesimama mlangoni na jua likiwa nyuma yake: uwanja unaonekana, uso unakuwa kivuli.

Ngozi zetu simu inazikosea kwa namna mbili. Ukuta ukiwa mweupe, inapunguza mwanga wa picha nzima na uso unapotea. Chumba kikiwa na giza, inaongeza mno na ngozi inakuwa ya majivu. Bonyeza kidole juu ya uso kwenye skrini, kisha shusha au pandisha alama ya jua mpaka rangi ya ngozi ifanane na unayoiona kwa macho. Kwenye simu nyingi ukibonyeza kwa muda mrefu, kipimo kinajifunga hapo.

Hatua ya 5: Simama pale unaposimama siku zote

Hii ndiyo hatua yenyewe, nyingine zote zinaizunguka.

Wiki ya kwanza usipange mtu wala kitu. Piga kutoka mahali ambapo mwili wako huwa upo: kochi lako la sebuleni, kizingiti cha jiko, kitandani kwako mlango ukiwa wazi. Tumia lenzi moja, ile kubwa ya kawaida, na usivute kwa zumu. Zumu inadanganya kuhusu umbali: inamleta mtu karibu huku wewe umebaki kule kule. Kama ni mdogo kwenye fremu kwa sababu uko mbali naye, aonekane mdogo.

Kila ukipiga, hesabu hatua za miguu kati yenu, uandike. Mfano: "Mama, jikoni, hatua 2, anachambua dagaa, hakunitazama." "Kaka, uwanjani, hatua 7, anaosha bodaboda, alinyanyua kichwa mara moja."

Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia wa Marekani, Edward T. Hall, aliweka vipimo vya jambo hili: sentimita 45 kushuka chini ni za wapenzi, au mzazi na mtoto; kutoka hapo mpaka mita 1.2 ni za marafiki na ndugu. Mpaka mita 3.6 ni za mambo ya kazi. Aliwapima Wamarekani. Kwenye daladala ya Buhongwa magoti yako yanagusana na ya mtu usiyemjua mpaka mwisho wa safari, na haina maana yoyote. Namba zake ziache, chukua tabia yake ya kupima.

Nikupe mfano. Binti mmoja niliyemfundisha alileta picha za mama yake, na zote zilikuwa za mgongoni. Khanga imefungwa begani, kiwiko kimeinuliwa, mkono unageuza sato kwenye karai la mafuta. Alisema zimeharibika, hana hata moja ya sura. Tulizipanga mezani kwa mfuatano. Mama yule anakaanga samaki wa kuuza, na jiko lake limekaa mahali ambapo moshi unatoka dirishani, hivyo lazima aupe mlango mgongo. Binti akirudi anakaa kizingitini, na wanaongea hivyo hivyo, mama haachi kazi, anauliza juu ya bega: "Umekula?" "Chumvi umeweka wapi?" Miaka yote maongezi yao yamepita juu ya lile bega. Nilimwambia aendelee kukaa pale pale kizingitini. Picha za wiki iliyofuata zilikuwa na sikio, hereni ndogo, na shavu lililogeuka robo tu. Mtu yeyote akizitazama anajua kwamba mle ndani kuna mtu anaongea na mtu anayempenda.

Kwa hiyo picha zako zikija zote za mgongo, au zote za kutokea dirishani, usizifute. Zitazame kwanza zinafanana kwa nini.

Wiki ya pili badilisha kwa hatua moja tu. Kwa mtu wa karibu, sogea hatua moja mbele ya unapozoea. Kwa mtu wa mbali, usisogee. Kaa pale pale muda mrefu zaidi. Mwangalie mwili wake. Akishusha macho, akijifunga khanga upya, akisimama kutafuta kitu ambacho hakihitajiki, umefika kwenye mpaka wake. Rudi nyuma hatua moja na upige kutokea hapo.

Jambo la kiufundi ukiwa karibu: lenzi ya kawaida ya simu ni pana, na chini ya nusu mita inakuza pua na kuvuta masikio nyuma. Kwa uso, simama angalau hatua mbili, ukate picha baadaye. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta, itumie kwa uso tu, ukiwa umeshaandika hatua zako. Kujua kama ni ya kweli, nenda penye mwanga, weka kwenye 2x, kisha ziba lenzi kubwa kwa kidole. Skrini ikiwa nyeusi, hakuna lenzi ya pili inayofanya kazi hapo, ni simu tu inakata picha.

Hatua ya 6: Piga nafasi iliyo katikati

Washa gridi kwenye kamera, ile mistari inayogawa skrini. Wawili wakikaa sebuleni, mmoja umuache kwenye mstari wa kushoto na mwingine wa kulia, katikati pabaki palivyo: meza yenye kitambaa cha kushona, rimoti, kikombe. Usikate pale katikati hata kama unaona pamekaa tupu.

Vitu pia vinasema. Kiti cha baba ambacho hakuna anayekikalia hata akiwa safarini. Ndala mlangoni, za nani ziko ndani na za nani nje. Na kile ambacho mimi huwaambia wote wasikose: chakula kilichowekwa kwenye sahani na kufunikwa kwa sahani nyingine, akisubiriwa anayechelewa kurudi. Mtu hayupo, na bado huo ni ukaribu mkubwa pengine kuliko wa picha yoyote utakayopata wakiwa wamekumbatiana.

Hatua ya 7: Wakati wa kula

Nyumba nyingi za huku Kanda ya Ziwa, baba na wageni wanaandaliwa sebuleni, mama na watoto wanakula jikoni au kwenye mkeka nje. Hapo una picha mbili za familia moja kwa saa ile ile. Zipige zote, kwa kimo kile kile, kisha baadaye uziweke kando kwa kando.

Usiharakishe kuhukumu. Wapo watakaokwambia sebule ni ubaridi na mkeka ni upendo. Nimeona kinyume chake: baba anayemega kipande cha samaki na kumtuma mtoto akipeleke jikoni kwa mama yake bila kusema neno. Fuata kile kipande.

Kwenye mkeka, piga mikono. Ugali wa udaga ni mmoja, mikono ni sita, na ukitazama vizuri kuna mkono unaosogeza mboga upande wa mdogo. Kaa chini kama wao. Kusimama juu ya wazee wanaokula ili upate picha ya kutokea juu ni utovu wa adabu, na picha yenyewe haitakuwa na mtu, itakuwa na vichwa. Piga mbili au tatu, weka simu mfukoni, nawa, ule.

Wakwe waache walivyo. Katika koo nyingi mkwe anaheshimiwa kwa kukaa naye mbali, na si kazi yako kuwaweka fremu moja. Hali kadhalika salamu ya kupiga goti: ipige tu kama anayesalimia na anayesalimiwa wote wameridhia.

Hatua ya 8: Mpe simu akupige wewe

Wengi wanairuka hatua hii kwa aibu. Usiiruke. Mpe kila mmoja wa watu wako watatu simu kwa dakika kumi, mwonyeshe kitufe kimoja tu, umwambie: "Nipige popote unapotaka." Halafu endelea na kazi zako. Usimwelekeze.

LaToya Ruby Frazier, mpiga picha wa Marekani aliyekulia Braddock, mji wa viwanda vya chuma huko Pennsylvania, alipiga familia yake kwa miaka mingi, na baadhi ya picha alizitengeneza pamoja na mama yake, mama akiwa mpigaji na siyo mpigwaji tu. Utakapoona picha ambazo mama yako amekupiga, utajua yeye anakuona kutoka hatua ngapi. Ziandike nazo kwenye daftari.

Hatua ya 9: Walio mbali

Ndugu yuko kambi ya uvuvi, mgodini Geita, Dar es Salaam, au Ukerewe. Usikimbilie kunasa skrini ya vidio koli. Piga chumba ambamo simu hiyo inaongelewa: mama ameketi kwenye ukingo wa kitanda, spika imewashwa, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Kisha mwombe aliye mbali akutumie picha moja ya mahali anapokaa akiongea nanyi. Mahali, siyo selfii.

Akiwa anakuja au kuondoka kwa meli ya Nansio au kivuko cha Kamanga, kuagana ni wakati mzuri. Waulize wahudumu kabla ya kutoa simu ndani ya eneo la bandari, na usielekeze kamera kwa askari wala majengo yao.

Kuna familia nyingi za kando ya ziwa hili ambazo aliyesafiri hakurudi, kwa MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996, au MV Nyerere ya Septemba 20, 2018 karibu na Ukara. Kama kwenu ni hivyo, usiitoe picha ya marehemu kabatini kwa sababu tu unataka kukamilisha kazi yako. Uliza, na ukiambiwa "siyo leo", iache. Siku watakayokubali, mpe picha hiyo yule aliyekuwa naye karibu zaidi aishike mwenyewe kwa mikono yake, karibu na dirisha, na umpige akiitazama. Usimwambie aitazame kamera.

Hatua ya 10: Safisha, tandaza, chagua

Chagua thelathini hivi upeleke studio. Usizitume kama picha za kawaida za WhatsApp, zinabanwa na kupoteza ubora. Zitume kama dokumenti au zipeleke kwa fleshi. Ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 unatosha, na unahitaji picha yenye angalau pikseli 1,800 kwa 1,200.

Nyuma ya kila moja andika hatua zako za miguu kutoka daftarini. Zitandaze kwenye mkeka, usizipange kwa tarehe. Zipange kwa hatua, kuanzia ya karibu mpaka ya mbali. Kaa nazo. Rudi kwenye ule mchoro wa Hatua ya 1 ulinganishe. Mahali ambapo daftari lilisema "mbali" na picha zinasema hatua mbili, au kinyume chake, ndipo pa kuchagulia. Bakiza kumi na mbili.

Makosa ninayoyaona zaidi

*Kuwapeleka wote Mawe ya Bismarck, yale ya ziwani hapa Mwanza, jioni.* Ni pazuri, nami napapenda. Lakini pale kila familia inatabasamu kwa namna moja, na utarudi na picha ya jiwe.

*Kuwapatanisha kwa kamera.* Kaka wawili hawasemezani, unawaambia washikane mabega. Wataweka mikono, na kila atakayeitazama ataona mikono inavyokataa. Piga kila mmoja peke yake kutokea mahali pamoja.

*Kupiga kwa siri.* Mtu akigundua, umeongeza umbali uliotaka kuuelewa.

*Kuposti mapema.* Maoni ya watu yatakufundisha kupiga wanachokipenda wao. Subiri mpaka kazi iishe, na uwe na ruhusa ya pili.

Ukikwama

*Wanaganda nikitoa simu.* Kaa na simu mkononi siku mbili bila kupiga. Wape na kazi: kumenya, kukunja nguo, kuanika dagaa. Mikono ikiwa na shughuli uso unajisahau.

*Baba amekataa kabisa.* Heshimu. Omba kupiga kiti chake, redio yake, mikono yake tu. Akikataa na hiyo, piga mlango wake ukiwa nje, andika hatua. Ni picha halali ya uhusiano wenu kwa sasa. Na umsalimie kama kawaida, asikuone umenuna.

*Picha zote zimetoka na ukungu.* Futa lenzi. Kama bado, unapiga penye giza na mkono unatikisika: egemea ukuta, bana viwiko mbavuni, toa pumzi kisha bonyeza.

*Ndani ni giza hata mchana.* Fungua mlango, tandika shuka jeupe sakafuni karibu na kizingiti. Litarudisha mwanga usoni.

*Nimelia nilipozitandaza.* Inatokea, hasa kwa yule wa tatu, uliyesita kumwandika. Zikusanye, uziweke kwa siku kadhaa. Huna deni la kuzimaliza. Kama kuna jambo la kuumiza lililotokea nyumbani, kamera isiwe njia yako ya kwanza ya kulisema. Tafuta shangazi, mjomba au mtu mzima unayemwamini uongee naye.

*Mama ameziona akasema "mbona umenipiga vibaya hivi?"* Mwulize ipi, na angetaka iweje. Ipige tena anavyotaka, uweke zote mbili kama ataruhusu. Akisema ya kwanza ifutwe, ifute mbele yake kama ulivyoahidi.

*Nizitunze wapi?* Sehemu mbili tofauti: simu na fleshi, au fleshi na akaunti ya mtandaoni yenye nywila. Zilizosafishwa, andika nyuma majina, mahali na mwaka kwa penseli laini bila kukandamiza. Karatasi ikikataa penseli, tumia maka pen na usubiri ikauke kabla ya kuzipanga juu ya nyingine. Kila uliyempiga apewe nakala ya kwake mkononi, mzee kwanza.